Nani Kakuambia?



Mkononi nina karatasi mbili. Ya pili nitaifikia baadaye. Hii ya kwanza nilipewa muhula uliopita na kijana wa mwaka wa tatu aliyekuja kwenye kaunta yetu ya marejeo. Ameniruhusu niionyeshe, ila jina lake nimelifunika. Aliniamkia, nikaitika, kisha akasema kwa adabu kabisa: mama, nimehangaika na katalogi siku mbili, vyanzo vyangu karibu vyote havipatikani, hivi maktaba yetu haina vitabu vya Vita vya Maji Maji?

Orodha yake ilikuwa na vyanzo 11, imepangwa vizuri, kila nukta mahali pake. Tukachagua cha nne. Jina la mwandishi lilikuwa la mwanahistoria wa kweli. Jarida lilikuwa la kweli. Juzuu ile tunayo ghorofa ya pili, imejalidiwa kwa kitambaa cha kijani kilichokwisha kufifia mgongoni. Tukapanda. Nikamwachia afungue mwenyewe ukurasa ulioandikwa. Akajikuta katikati ya makala ya mtu mwingine, kuhusu bei ya pamba. Akarudi kwenye yaliyomo, akapitisha kidole juu hadi chini. Akafungua juzuu iliyotangulia, akafungua iliyofuata. Kichwa alichokitafuta hakikuwamo. Tulipoimaliza orodha nzima jioni ile, vyanzo 4 vilikuwa vya kweli, na 7 havikuwahi kuandikwa na mtu yeyote.

Nikamwuliza: mwanangu, nani kakuambia?

Akanionyesha simu yake. Hakuwa ameiba kitu, wala hakukusudia kumdanganya mwalimu wake. Aliuliza swali, akajibiwa kwa lugha safi, akaamini. Mhadhara wangu wa leo ni juu ya swali lile nililomwuliza.

Swali hilo ni la nyumbani kwetu. Mtoto akija mbio na habari kwamba fulani kafariki, mtu mzima haanzi kulia. Anauliza kwanza: nani kakuambia? Akiambiwa ni mtoto wa marehemu, anajifunga khanga na kutoka. Akiambiwa "nimesikia watu wakisema", anatuma mtu aende akahakikishe. Na wanaosoma hadithi za Mtume wameligeuza swali hilo kuwa elimu kamili. Kila hadithi ina matini, yaani maneno yenyewe, na ina isnadi, yaani mnyororo wa watu waliopokezana maneno hayo. Matini iwe nzuri namna gani, mnyororo ukikatika, hadithi inashuka daraja. Wanazuoni waliandika vitabu vizima juu ya wapokezi peke yao: huyu alizaliwa lini, alikufa lini, kumbukumbu yake ilikuwaje, na je, aliwahi kukutana na huyo anayedai kumsikia? Mmarekani Paul Zurkowski alipoleta mwaka 1974 jina ambalo wakutubi tunalitafsiri umahiri wa taarifa, jina lilikuwa jipya. Tabia ya kuuliza habari imetoka wapi ilikuwa na karne nyingi, na baadhi ya wazee waliokaa kwenye baraza za misikiti ya Lamu na Unguja waliijua kuliko wengi wetu wenye shahada.

Sasa tuje kwenye chatiboti. Nikisema "haraka haraka haina", nyote mmekwisha kumaliza. Hakuna aliyefungua kitabu, na sidhani kama yupo anayekumbuka aliisikia methali ile wapi mara ya kwanza. Ulimi umeizoea. Modeli kubwa ya lugha, ambayo ndiyo injini ya chatiboti, inafanya kazi inayofanana na hiyo kwa kiwango ambacho binadamu hakiwezi. Imepitishwa kwenye maandishi mengi mno, ikafundishwa kukisia kipande cha neno kinachofuata, kisha kinachofuata hicho. Muundo unaobeba kazi hiyo ulielezwa na watafiti wa Google mwaka 2017, na tarehe 30 Novemba 2022 kampuni ya OpenAI ikaifungulia dunia ChatGPT. Inasema mengi ya kweli, kwa sababu mengi ya kweli yameandikwa na kurudiwa mara nyingi. Lakini tazameni rejea ilivyo: jina, mwaka, kichwa, jarida, juzuu, kurasa. Umbo hilo limerudiwa mara mamilioni. Rejea moja moja, kwa mfano ya makala ya mwaka 1967 kuhusu Wangindo, huenda imeandikwa mahali pawili au patatu tu. Mashine inalijua umbo kwa ghibu, na yaliyomo inayakisia. Ndiyo maana orodha ya kijana yule ilikuwa nzuri machoni namna ile.

Wapo wanaodhani dawa ni kuilisha mashine makala za kitaaluma tu. Mwezi huo huo wa Novemba 2022 kampuni ya Meta ilitoa Galactica, modeli iliyosomeshwa kwa mamilioni ya makala za sayansi. Ilisifiwa, kisha watu wakaona inatunga makala ambazo hazipo, na baada ya siku 3 ikaondolewa hadharani.

Mfano ambao kila mwanafunzi wa sheria anapaswa kuujua ni wa New York, kesi ya Mata dhidi ya Avianca. Abiria alilishtaki shirika la ndege akidai kwamba toroli la chakula lilimgonga goti ndani ya ndege mwaka 2019. Wakili wake, mwenye uzoefu wa miaka zaidi ya 30, alitumia ChatGPT kutafuta hukumu za nyuma, akapeleka mahakamani hoja iliyojaa hukumu ambazo hazikuwahi kutolewa. Upande wa pili ulizitafuta ukazikosa. Mahakama ikaagiza nakala ziletwe. Mwezi Juni 2023 Jaji Kevin Castel aliwatoza mawakili wawili na ofisi yao faini ya dola 5,000, na kuwaamuru wawaandikie barua majaji ambao majina yao yalitumika katika hukumu zile za kubuni. Jambo linalonigusa zaidi ni hatua moja ndogo iliyoonekana kwenye kumbukumbu za mahakama. Wakili alipoingiwa na shaka alifanya uhakiki. Aliiuliza chatiboti ile ile: je, kesi hii ni ya kweli? Ikamjibu kwamba ni ya kweli.

Hapo ndipo penye kosa, na ni kosa ambalo mila zetu zilikwisha kuliona. Mposaji akija kuposa, familia ya binti haimuulizi yeye mwenyewe kama ana tabia njema. Atajibu nini? Wanamkaribisha, wanampa soda, kisha kimya kimya wanatuma mtu mtaani kwao akaongee na majirani, na imamu au padri, na mwenye duka anapokopa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Sam Wineburg na Sarah McGrew, walilichunguza jambo hilo mwaka 2017 kwa watu 45: wanahistoria 10 wenye shahada za uzamivu, wahakiki wa habari 10 wa vyombo vya habari, na wanafunzi 25. Waliwapa tovuti wazipime. Wanahistoria na wanafunzi wengi walibaki ndani ya tovuti wakisoma, wakitazama nembo na mpangilio wake. Wahakiki waliiacha tovuti baada ya muda mfupi, wakafungua kurasa nyingine kutafuta wengine wanasema nini juu ya mwenye tovuti ile. Walikuwa wepesi zaidi na walikosea mara chache zaidi. Walikwenda kwa majirani.

Chatiboti nyingi za sasa hupekua mtandao kabla ya kujibu na hukupa viungo. Ni maendeleo mazuri, na ninawasihi mviombe kila mara. Kisha mvifungue. Nimekwisha kuona kiungo cha kweli, kinachofunguka, cha makala halali, na ndani yake sentensi iliyodaiwa haimo. Pengine makala inasema kinyume. Msomaji aliyeridhika kwa kuona kiungo cha buluu hajasoma kitu.

Turudi kwenye Maji Maji, maana hapo nataka tukae kidogo.

Iulizeni chatiboti watu wangapi walikufa katika vita vile vya 1905 hadi 1907 dhidi ya utawala wa Wajerumani. Mtapewa namba. Huenda ikawa 75,000, huenda ikawa 300,000, huenda mkaambiwa ni kati ya hizo. Namba zote mbili zipo vitabuni kweli. Lakini ya 75,000 imetoka upande wa serikali ya Kijerumani. Ile ya kati ya 250,000 na 300,000 ni ya Gilbert Gwassa, mwanahistoria wa Tanzania ambaye miaka ya 1960 alikwenda kusini kuwasikiliza wazee. Tofauti hiyo haikutokana na mtu kukosea hesabu. Imetokana na nani alikuwa anahesabu, alikuwa amekaa wapi, na kama mtu aliyekufa kwa njaa mwaka 1907, baada ya shamba na ghala lake kuchomwa moto na jeshi, anahesabiwa kuwa amekufa vitani. Gavana wa wakati ule, Gustav Adolf von Götzen, naye aliandika kitabu juu ya vita, kikachapishwa Berlin mwaka 1909. Kinafaa kusomwa, na kinapaswa kusomwa kama maneno ya mtu ambaye serikali yake ndiyo iliyochoma maghala hayo.

Mwanafunzi akiandika "watu 300,000 walikufa" akaishia hapo, ameandika namba tu. Akiandika kwamba Gwassa alikadiria hivyo, na Wajerumani walikadiria vile, na hii ndiyo sababu, ameingia kwenye mazungumzo ya wanahistoria. Kati ya sentensi hizo mbili kuna shahada nzima.

Halafu kuna kitu ambacho chatiboti haikumtajia kijana yule kabisa. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walitumwa na Idara ya Historia kwenda vijijini kuwahoji wazee waliokumbuka Maji Maji. Walikuwa vijana wa umri wenu. Walirudi na mahojiano, yakapigwa taipureta, yakapewa namba, yakajalidiwa. Huwezi kuyasoma bila kukutana na jina la mzee aliyehojiwa na kijiji chake. Yamehifadhiwa kwenye mkusanyiko wa East Africana wa maktaba ya chuo kile. Hiyo ni isnadi. Mzee fulani, wa kijiji fulani, alimwambia mwanafunzi fulani, mwaka 1968. Unaweza kuubishia mnyororo huo. Unaweza kusema mzee alikuwa mtoto mdogo mwaka 1905, au kwamba mwuliza swali alimwelekeza jibu. Lakini una mtu wa kubishana naye.

Msinielewe kwamba nawakataza. Mimi mwenyewe naitumia chatiboti karibu kila siku kazini, na ipo kazi moja inayoifanya vizuri kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kuwa nacho kaunta. Katalogi na kanzidata zinatafuta maneno uliyoandika, hazijui ulimaanisha nini. Ukiandika "Vita vya Maji Maji" utakosa kila kilichoandikwa kwa jina jingine. Kwa hiyo siku ya pili nilimkalisha kijana yule, tukaiuliza chatiboti: waliowahi kuandika juu ya vita hivi wameviita majina gani, kwa Kiswahili, Kiingereza na Kijerumani, na nchi yenyewe waliiita nini? Ikatumwagia: Maji Maji kwa maneno mawili na Majimaji kwa neno moja, rebellion, rising, uprising, war, Aufstand, Tanganyika, German East Africa, Deutsch-Ostafrika, Ruvuma na Rovuma, Dar es Salaam na Daressalam. Hapo hakuna hatari kubwa, kwa sababu jina lisilokuwapo halitaleta kitu ukilitafuta, na utaliacha. Tukayaunganisha majina ya vita kwa OR, yaani "au", tukaongeza AND, yaani "na", pamoja na majina ya nchi na mahali, tukayafunga yale ya maneno mawili kwa alama za kunukuu. Katalogi iliyomnyima siku mbili ikafunguka kabla chai haijapoa.

Inafaa pia mwanzoni kabisa, wakati mtu ana mada na hana swali. "Nataka kuandika kuhusu Maji Maji" ni mada. Ongea nayo, ikubane, mpaka ubaki na kitu kama: kwa nini maeneo fulani ya kusini yalichelewa kuingia vitani? Inafaa baada ya kusoma, ikueleze mbinu ya takwimu usiyoielewa, au ikosoe hoja uliyoandika kwa mkono wako. Kwa Kiswahili muwe waangalifu zaidi. Maandishi ya lugha yetu ambayo mashine imesomeshwa ni machache, na hata ukataji wa maneno umefuata zaidi Kiingereza, hivi kwamba neno kama "hawakutuandikia" linachanwa vipande vingi. Ulizeni kwa lugha zote mbili mlinganishe.

Mahali nisipotaka muiweke ni katikati, pale pa kwenda kwenye chanzo chenyewe. Hapo nenda mwenyewe. Kama ni makala yenye namba ya utambulisho iitwayo DOI, ile inayoanza na 10, iandike kwenye doi.org uone inakupeleka wapi. Angalia kama makala imefutwa na jarida lake. Hifadhidata ya makala za namna hiyo, ile ya Retraction Watch, ilinunuliwa na shirika la Crossref mwaka 2023 na sasa iko wazi kwa wote. Ingia African Journals Online, iliyopo tangu 1998, ambako wenzetu wa Ibadan na Makerere na Dodoma wanachapisha kazi ambazo chatiboti mara nyingi huziruka. Wanafunzi wa afya, ulizeni kaunta kuhusu HINARI, iliyoanzishwa mwaka 2002 ili vyuo vya nchi kama zetu vipate majarida ambayo bei yake hatungeiweza. Inaniuma kuona mwanafunzi analipa bando kutafuta makala ambayo maktaba inaweza kumpatia bure.

Kwenu walimu nina ombi. Acheni kutegemea programu zinazodai kutambua maandishi ya mashine. OpenAI wenyewe walitengeneza moja, ikatambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na mwezi Julai 2023 wakaiondoa. Mwaka huo huo watafiti wa Stanford walipima programu 7 za aina hiyo kwa insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani insha zaidi ya 6 katika kila 10 zilitajwa kuwa za mashine. Fikirieni hao ni akina nani. Ni hawa waliokaa mbele yangu, wanaoandika Kiingereza sahihi cha darasani kwa jasho lao. Mtoto aliyehangaika hivyo akiitwa mwizi kwa sababu programu imesema, tumemvunja moyo bila haki. Mwulizeni badala yake: nani kakuambia? Mwambieni alete shajara ya utafutaji wake: alitafuta wapi, kwa maneno gani, alipata nini, aliacha nini. Mkae naye dakika tano juu ya chanzo kimoja. Aliyesoma atajulikana.

Na kwa mnaokwenda uwandani: msibandike mahojiano ya watu ndani ya chatiboti ili iwafanyie uchambuzi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na kila mmoja wenu alimsomea mhojiwa fomu ya ridhaa. Mama aliyekueleza habari za ndoa yake alizungumza na wewe, barazani kwake. Hakuipa ridhaa kompyuta ya kampuni iliyo ng'ambo.

Sasa karatasi ya pili. Kijana yule alipata barua ya utambulisho, akasafiri kwenda Dar es Salaam, akakaa siku 3 kwenye chumba cha East Africana. Siku ya pili alinipigia simu kutoka nje, kwenye ngazi, kwa sauti ya chini kana kwamba bado yumo ndani. Akanisomea namba ya hati, kisha kijiji, kisha jina la mzee, herufi kwa herufi, akaniomba niandike asije akapoteza daftari njiani.

Orodha hii mpya ina vyanzo 9. Vinne ni vile vilivyonusurika kwenye orodha ya kwanza. Pembeni mwa kila kimoja ameandika kwa penseli mahali alipokisomea: rafu, au kiungo, au namba ya hati, pamoja na tarehe. Kwenye kimoja ameandika "nimesoma sura ya 3 tu". Nitaziacha karatasi zote mbili hapa mezani, mnaweza kuja kuzitazama.